Baba Ndege na Tundu la Milimita Ishirini na Nane

Kabla hamjapanda ngazi, vijana wangu, shikeni jambo moja: milimita ishirini na nane. Hilo ndilo tundu la mlango wa ndege wa bluu, yule mdogo mwenye kofia ya bluu na kifua cha njano ambaye Waswidi wanamwita blåmes. Mkitoboa thelathini na mbili, ataingia binamu yake mnene mwenye kichwa cheusi na kumtoa nje na virago vyake. Mkitoboa hamsini, hapo mmefungua hoteli, msimlaumu mtu. Hata mkiacha kusoma hapa, nusu ya kazi mmeshaijua.

Nimesikia kwamba mwaka huu mnapewa kazi ya kiangazi katika misitu ile ile ya Tumba niliyoizunguka kwa miaka kumi na miwili. Nyumba mia na arobaini za ndege, kila moja na namba yake ubavuni. Mchungaji ameniomba niwaandikie kidogo ili msirudie makosa yangu. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua mtanijibu kwa Kiswidi kama mnavyowajibu mama zenu, lakini kusoma hamtashindwa, na isitoshe neno lililoniponza katika kazi hii haliponzi mtu kwa Kiswidi.

Aliyenifundisha kazi ni Lennart, mzee mrefu, mkimya, aliyetoka kaskazini kabisa mwa nchi. Mimi, Bahati, nilikuwa nimetoka Uvira kwa kupitia kambi mbili, na Kiswidi changu kilikuwa cha darasani: natoka Kongo, nina watoto watatu, hii ni kalamu. Sasa watu wa kwao Lennart wana namna yao ya kusema ndiyo. Hawasemi. Wanavuta pumzi ndani ghafla, shup! kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai. Hakuna aliyenionya. Siku ya kwanza nikamuuliza kama ngazi niiegemeze kwenye mti ule. Shup! Nikajua mzee amebanwa na kifua. Nikakimbia garini nikamletea maji, akanywa. Nikamuuliza kama amepata nafuu. Shup! Nikakimbia tena.

Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemnywesha chupa tatu, na mzee alikuwa ameshaingia vichakani mara nne. Baada ya miezi kadhaa aliniambia kwamba yeye alidhani ni mila ya Kongo, kwamba mkubwa akikubali jambo ni lazima anyweshwe maji, na hakutaka kuniudhi siku ya kwanza. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka kukosa pumzi.

Makosa yangu ya ufundi yalitokana na malezi mema. Nilipopewa mbao na keekee nitengeneze nyumba zangu za kwanza, niliona zile za Lennart hazina baraza. Tundu tu, na chini yake ukuta mtupu. Mgeni akija atasimama wapi? Nikachomeka kijiti kizuri chini ya kila tundu, hata nikakipiga msasa. Wiki ya pili kindi alikuwa amekaa kwenye baraza yangu kwa raha zake, mkono mmoja ndani ya mlango, akitafuta mayai. Lennart aling'oa vijiti vyote kimya kimya. "Mwenye nyumba hahitaji kijiti," akasema. "Anayekihitaji ni mwizi."

Kosa la pili lilikuwa la huruma. Niliona nyumba zimetawanywa mbali mbali, kila ndege na msitu wake, nikasikitika. Nikahamisha tatu na kuziweka kwenye mti mmoja, milango ikitazamana, ili wasalimiane asubuhi. Ikawa vita. Manyoya yalikuwa yanaanguka kama mto wa kulalia umepasuka. Lennart akasimama chini akatazama muda mrefu, kisha akaniambia: "Bahati, hawa ni Waswidi. Wanapenda majirani, lakini kwa mbali." Kwa hiyo andikeni: ndege wa aina moja mwachieni nafasi, miti kadhaa kati ya nyumba na nyumba. Mlango usitazame jua la mchana wala upande unakotoka upepo wa mvua. Nyumba iinamishwe mbele kidogo ili maji yasiingie. Mbao za ndani zisipigwe randa, vifaranga watapandia nini? Na rangi msipake, hata kama mna roho ya kisanii.

Kusafisha ni vuli, wakishaondoka wote. Vaeni glavu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuta kiota kizuri mno, cha majani laini na manyoya ya mbwa wa mtu, nikakitia katika mfuko wa nailoni nikaenda nacho moja kwa moja nyumbani kuwaonyesha watoto. Sikujua kwamba kiota cha zamani ni mji wa viroboto, na kwamba joto la sebuleni ndiyo kengele yao ya kuamka. Mke wangu alilala kwa jirani siku nne. Tangu hapo nikifika mlangoni alikuwa ananikagua mifuko kama askari wa forodha.

Sasa niwaambie kuhusu lile neno.

Kwetu Uvira ndege ni ndege tu. Iwe ya manyoya au ya chuma, tunasema ndege yangu, ndege zangu, na hakuna aliyewahi kutukamata. Ni watu wa pwani na Watanzania wanaotenganisha: wa manyoya ni ndege wangu, za chuma ni ndege zangu. Siku hizi nami naandika ndege wangu, kwa sababu nimefundishwa kwa aibu. Wakati ule nilikuwa bado.

Tulikuwa tunasali katika ukumbi wa kukodi kule Hjulsta, sisi wa Kongo, Warundi, na Wakenya kadhaa. Baada ya ibada kulikuwa na chai. Elias, kijana wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha malori Södertälje, akaniuliza mbele ya watu:

"Baba Neema, unatumikaka wapi siku hizi?"

"Niko natunza manyumba ya ndege."

"Ndege!"

"Ndege. Iko manyumba mia moja na makumi ine. Ni mimi nazifungula, nasafisha mule ndani, nahesabu zenye zilikufa."

Vikombe vikatulia. "Zenye zilikufa?"

"Kila mwaka zingine zinakufa mule mule. Zingine zinaanguka."

"Na zikianguka?"

"Zikianguka naokota."

Mimi nilikuwa nazungumzia vifaranga. Wao walikuwa wanamwona mtu mmoja, aliyekuja juzi tu na viza ya mkimbizi, akiokota ndege za abiria kwa mikono. Mchungaji akaniwekea mkono begani. Jumapili iliyofuata akaniombea kwa jina, kwamba Bwana aiongoze mikono ya mtumishi wake inaposhika mabawa. Nikasema amina kwa moyo wote, kwa sababu kweli mabawa nilikuwa nayashika.

Nilichelewa kuelewa. Nilielewa siku Mama Njeri, muuguzi Mkenya, aliponivuta pembeni kwenye makoti. "Baba Ndege," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo, "mimi naenda Nairobi mwezi ujao na mzigo nimezidisha kilo kumi na mbili tu. Si utaongea na watu wako pale uwanjani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kucheka na kumwambia ukweli. Nilijibu: "Tutaona."

Kwa nini? Nitawaambia wazi. Nilipenda. Kwetu nilikuwa mwalimu mkuu wa shule, nilikuwa na ofisi na kengele. Kambini nilikuwa namba. Hapa nilikuwa mtu wa kuhesabu mayai. Halafu ghafla nikaingia ukumbini na watu wakanisogezea kiti cha mbele. Wazee waliniuliza habari za hali ya hewa. Mtoto mmoja aliniomba gurudumu, nikamwambia akue kwanza. Sikuwahi kutamka uongo hata mmoja, nawaapia, kila sentensi ilikuwa kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa uongo mkubwa kuliko uwanja wa ndege wenyewe.

Mke wangu alijua. Alikuwa anacheka hadi analia, halafu akiacha kucheka ananiambia: "Siku watu watakutafuta kweli, utajificha mu tundu ya milimita ngapi?"

Siku ikafika. Elias alikuja nyumbani Tumba, hata koti hakuvua. Karatasi za mama yake zilikuwa zimetoka. Koko Vumilia, koko kwetu ni bibi, aliyekuwa amekaa kambini miaka hiyo yote, anakuja. Atabadilisha ndege mara mbili, peke yake, hajui kusoma, na lugha za Wazungu hajui hata moja.

"Kitu moja tu anaogopa," Elias akasema. "Kupotea. Wakati ya vita tulipoteana naye, unajua, mwaka muzima. Donc, basi, nimemwambia: Mama, ukifika, usifuate mutu hata mumoja. Ukae. Ungoje Baba Ndege, atakuja na koti ya njano. Yeye iko ndani kabisa. Vile sina wasiwasi tena."

Nilifungua mdomo. Jikoni mke wangu aliacha kusonga ugali ili asikie vizuri. Nikamtazama Elias, na uso wake ulikuwa umepumzika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nimjue.

"Hakuna shida," nikasema.

Mwiko ulianguka sakafuni.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu nikajikaza, nikampigia simu Elias nimweleze kila kitu, amwambie mama yake mpango umebadilika. "Ameshatoka kambini," akasema kwa furaha. "Iko njiani. Hana telefone." Basi, mwanamke mzee alikuwa tayari anavuka mabara akiwa amebeba agizo moja tu, la kumngoja mtu asiyekuwepo.

Ilikuwa Mei, ndege wote wana vifaranga, hakuna wakati mbaya zaidi wa kuomba ruhusa. Nilimweleza Lennart kwa Kiswidi changu kilichovunjika, na nadhani ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyowahi kuitoa katika lugha hiyo. Kwamba nyumbani kwetu neno la ndege na neno la ndege ni neno moja. Kwamba nimekuwa mkubwa wa uwanja wa ndege kwa miaka mitatu bila kuajiriwa. Kwamba kuna mama mzee. Alisikiliza bila kupepesa. Nikamuuliza kama anaweza kunipeleka. Shup! Na kwa mara ya kwanza sikukimbilia maji.

Tulikwenda na gari la kazi, ngazi juu, nyumba tatu mpya zikigongana nyuma. Nilikuwa na koti langu la njano la kung'aa, lile ambalo hata nyinyi mtapewa. Na nilipoingia ukumbi wa kuwasili nikaona kosa letu. Kila mtu mle alikuwa na koti la njano. Wabeba mizigo, wafagiaji, madereva, fundi wa lifti. Kabla sijamfikia Elias aliyesimama na maua, watu wawili walikuwa wameniuliza choo kiko wapi, na mmoja nilimwelekeza.

Abiria wa ile ndege wakatoka. Wakaisha. Wakatoka wa ndege iliyofuata, nao wakaisha. Elias hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitesa. "Ingia sasa, Baba Ndege," akaniambia, akinionyesha mlango wa vioo usiofunguka kutoka upande wetu. Nikausogelea. Nikausukuma kidogo. Nikarudi.

"Kuna shida?" akauliza.

Ndipo spika zikasema, kwa sauti ya mwanamke na Kiswidi safi kabisa, kwamba Herr, yaani Bwana, Baba Ndege anaombwa afike kwenye dawati la maulizo.

Mwanamke wa dawati alikuwa mpole na amechoka. Ndani, kwenye mikanda ya mizigo, alisema, yupo bibi aliyekaa juu ya begi lake kwa muda wa saa mbili sasa. Hataki kuinuka. Kila anayepita na koti la njano anamwita, anamuuliza swali lile lile, anamsikiliza akijibu kwa Kiswidi, kisha anatikisa kichwa na kumfukuza kwa mkono. Mkalimani wa simu naye amejaribu. Naye kafukuzwa. Walichoelewa ni yale maneno mawili tu, Baba Ndege. Akanipa simu. Upande wa pili mfanyakazi mwenzake alikuwa ameishika kwenye sikio la Koko.

"Allo! Ni nani?"

"Shikamoo, Koko. Ni Baba Ndege."

"Kila mutu anasema vile. Yule wa mbele mu telefone pia alisema." Sauti ilikuwa kali. "Kama ni wewe, uniambie. Ndege zako zinakula nini?"

Elias alikuwa amebandika sikio karibu na langu. "Mafuta!" akanong'ona. "Umwambie mafuta!"

Nilisimama pale na simu mkononi. Ni Elias aliyemwambia habari zangu, na Elias aliziamini za chuma, kwa hiyo jibu lililokuwa likingojwa kule ndani lazima liwe mafuta. Nikisema mafuta, Koko anatoka, nami nabaki na kiti changu cha mbele. Nikisema ukweli, labda anabaki amekaa juu ya begi mpaka usiku, na kosa ni langu. Akili yangu ilikuwa imeshachagua mafuta, naungama. Lakini nilikuwa nasikia pumzi yake kwenye simu, pumzi ya mtu anayejizuia kulia mbele ya wageni, na mdomo ulikataa.

"Koko," nikasema, "zinakula viwavi."

"Viwavi?" akasema Elias kwa sauti.

Upande wa pili mikanda ya mizigo ilisikika ikizunguka.

"Na wakati ya baridi?"

"Wakati ya baridi hakuna viwavi. Zinakula mbegu."

"Sasa ni wewe. Nipite mulango gani?"

Alitoka akiwa ameshikwa mkono na kijana wa mizigo, mwanamke mdogo sana kwa begi lile. Alimkumbatia mwanawe, wakalia, na maua yakavunjika katikati yao. Mimi nilijisogeza nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Sikufika mbali.

"Wewe wa koti! Kuya hapa."

Nikaja. Akafungua pindo la kitenge chake, fundo lililokazwa kwa meno, na ndani mlikuwa na mtama. Konzi moja hivi, mwekundu, msafi. Alikuwa ameubeba kutoka kambini, kupitia viwanja vitatu vya ndege, katika fundo hilo hilo.

"Ya ndege zako," akasema. "Elias aliniambia kama uko nachunga ndege, unazijengea na manyumba. Nilikuwa naogopa sana, mwanangu. Lakini nilisema, mutu mwenye anajengea ndege nyumba hawezi kuniacha huku."

Nililia pale pale, na koti la njano na yote. Sijui kwa aibu au kwa nini.

"Mama," Elias akasema polepole, "mimi nilisema ndege. Ndege ya chuma."

Koko akamtazama mwanawe kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Ya chuma? Nani anajengeaka chuma nyumba?"

Lennart, ambaye hakuelewa hata neno, alitazama mtama, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndani.

Jumapili ile nilisimama mbele nikasema yote. Kulikuwa na kicheko cha kubomoa ukumbi, isipokuwa Mama Njeri. "Na zile kilo zangu kumi na mbili nilizolipia?" akauliza, na mpaka leo naona hajanisamehe kabisa. Kiti cha mbele nikakiacha, akakikalia Koko Vumilia. Jina la Baba Ndege halikuondoka, na sasa lilikuwa la haki.

Koko aliomba aone kazi. Nilimpeleka namba kumi na saba, pale karibu na njia ya treni, nyumba iliyo chini kuliko zote. Alibandika sikio lake ubavuni, akasikia vifaranga, akaniambia nipunguze maneno. Mtama nikamweleza kwamba wakati wa vifaranga hawali mbegu, tungoje baridi. Aliutunza kwenye fundo lile lile hadi theluji, akaja akaumwaga chini ya mti wa namba kumi na saba kwa mkono wake. Ndege wa bluu hawakuugusa. Walikuwa juu wananing'inia miguu juu kichwa chini, wakichokora magome. Shomoro walikula nusu. "Hazina adabu," Koko akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa pale watatu. Chini ya namba kumi na saba yalikuwa yameota majani ambayo hakuna mtu wa Tumba aliyewahi kuyaona, mashina matano yanayofika magotini. Lennart alikuwa na mashine ya kukata nyasi begani. Akaizima, akachuchumaa, akayatazama kwa muda. Akaniuliza kama tuyaache.

Nikavuta pumzi ndani, shup! kama mtu wa kwao kabisa. Na Koko Vumilia, na miaka yake yote, akakimbia kuniletea maji.